Barua ya wazi kwa Msajili Mkuu wa Mahakama na Mkurugenzi wa DCI: faili za kesi kubwa zisiwe za kujuana

Kwa Mheshimiwa Msajili Mkuu wa Mahakama na afande Mkurugenzi wa DCI (idara ya polisi ya upelelezi wa jinai), nakala kwa makarani wote wa rejista za jinai,

Salamu waheshimiwa na poleni na kazi. Naandika kwa Kiswahili na naomba jibu lije kwa Kiswahili pia, si kiburi, ni sheria yenyewe, ile Sheria ya Kupata Habari ya 2016 kifungu cha 8 inasema ombi laweza kuandikwa kwa Kizungu ama kwa Kiswahili, na sheria ya kuendesha kesi za jinai kifungu cha 198 inasema lugha ya mahakama za chini ni Kizungu ama Kiswahili. Kwa hivyo hapo hatuna ugomvi.

Mimi nina saiba, duka la kompyuta na intaneti, Likoni, Mombasa, ukishuka feri si mbali. Kazi yangu ni kujazia watu fomu za serikali, kuskani, kuprint, kupiga barua. Nawaambia shida yangu mapema nisije nikawazungusha: rekodi za kesi kubwa za jinai hapa kwetu Kenya kwa sheria ni za umma, lakini kwa vitendo ni za yule anayemjua karani. Kesi inasikizwa mlango wazi, hukumu inasomwa kwa sauti mbele ya kila aliyepata nafasi kwenye benchi, halafu wiki inayofuata ukitaka kuiona ile karatasi iliyosomwa unaulizwa wewe ni nani, wakili wako nani, unaitakia nini. Mbona siku ile inasomwa hakuna aliyeulizwa?

Watu wanaokuja kwangu na hii mambo ni wa aina mbili. Kuna anayetaka kumjua mtu mwingine, mama anayetafuta kijana wa bodaboda wa kupeleka watoto shule, kamati ya madrasa inayotaka kuandika ustadh mgeni kutoka mbali, mwenye nyumba, wakati mwingine mzee anayeoza binti na amesikia maneno maneno kuhusu bwana harusi. Halafu kuna anayetaka karatasi za kesi yake mwenyewe ama ya mwanawe. Hawa wa pili ndio wanaoniumiza roho zaidi, nitawafikia.

Wa kwanza karibu wote hunambia "nitolee gudi kondakti yake". Nawaeleza, cheti cha tabia njema, gudi kondakti vile kila mtu huita, mtu hujiombea mwenyewe. Anaingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa akaunti yake, analipa KSh 1,000 na ile hamsini ya juu, anaprint fomu ya C24, ile ya alama za vidole, mbele na nyuma kwa karatasi moja (ukiprint karatasi mbili unarudishwa, hii wateja hawaamini mpaka warudishwe), anaenda kupigwa vidole Huduma Centre ama pale makao makuu ya DCI Kiambu Road, halafu anangoja. Cheti kikitoka kinakaa mwaka mmoja kishaisha. Hakuna njia ya mimi kumuombea jirani yangu, na sawa, isiwepo, vidole vya mtu ni vyake. Kama unamwandika kazi mwambie akuletee yeye mwenyewe.

Lakini gudi kondakti na rekodi ya mahakama ni vitu viwili mbali mbali. Ya polisi ni kuhusu mtu, ya mahakama ni kuhusu kesi, na kesi ni ya Jamhuri, ndio maana hata jina lake huanza na Jamhuri. Hapo ndipo mwananchi ana haki ya kuuliza, Katiba ibara ya 35 imempa, na hapo ndipo mlango unapokuwa mzito.

Hebu niwaonyeshe vile mtu wa kawaida anavyotafuta. Kosa kubwa kwa sheria zetu, Penal Code (sheria ya makosa ya jinai) kifungu cha 4, ni lile la kunyongwa ama kifungo cha miaka 3 na kwenda juu, nikifupisha. Ukisikia hivo utadhani yote yako Mahakama Kuu kwa majaji. La. Mauaji ndio huanzia kule. Wizi wa mabavu, ile 296(2) kila mtu anaijua kwa namba, unaanzia kwa hakimu. Kunajisi watoto, kwa hakimu. Kuvunja nyumba, kwa hakimu. Sasa mtu akiingia Kenya Law, tovuti ya hukumu za mahakama, ambayo kwa kweli nawapa heko, hukumu za bure, unasaka kwa jina la mtu ama kwa maneno, huhitaji akaunti wala wakili, mtu huyo anakutana na msitu wa hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa, kwa vifupi KEHC hii, KECA ile, lakini ile kesi ya hakimu wa mji wake anayoitafuta mara nyingi haipo mpaka mfungwa akate apili, yaani rufaa, ndio ionekane kule juu. Yaani kesi nyingi zaidi ziko mahali ambapo ni vigumu zaidi kuzisaka. Aliyefungwa akanyamaza akamaliza kifungo chake hutamuona huko.

Kwa hivyo unarudi kwa rejista. Rejista inataka namba ya kesi. Na namba ya kesi, waheshimiwa, ndio mahali watu wangu wanapoanguka. Alikuja mama mmoja mwaka jana, mwanawe amefungwa kwa wizi wa mabavu, na anataka hukumu ili kijana akate apili. Alikuwa ameshatumwa nyumbani kutoka mahakama fulani ya hapa Pwani, sitaitaja, ameambiwa alete namba. Akafungua fundo la leso akatoa kikaratasi kimekunjwa mpaka kimechanika kwenye mikunjo, na pale pameandikwa kwa kalamu namba ya mstari halafu tarehe halafu jina la kituo cha polisi. Ile ni OB. Namba ya OB ni ya kitabu cha polisi siku ile mtu aliporipoti, haina uhusiano wowote na namba ambayo mahakama iliipa kesi, na katikati yake kuna namba nyingine tena ya faili ya polisi. Namba tatu za jambo moja, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia huyu mama tofauti yake, yeye anajua ana namba, amepewa na serikali, serikali ileile inamwambia hii si namba.

Namba yenyewe iko juu ya chaji shiti, ile karatasi ya mashtaka, na siku hizi mara nyingi ina herufi E, halafu mwaka. Chaji shiti kijana alipewa, lakini iko wapi, iliachwa seli ya rimandi. Mwishowe tuliipata kwa picha ya simu, binamu yake alikuwa amepiga picha ile orodha ya kesi za siku inayobandikwa ukutani mahakamani, siku ya hukumu, ili awaonyeshe wenzake ni korti namba ngapi. Bahati tu. Nikampigia barua ya kuomba nakala iliyothibitishwa, jina la mshtakiwa, namba, hakimu alikuwa nani, tarehe ya hukumu, nakala mbili, moja igongwe muhuri arudi nayo. Huu muhuri mimi nawahimiza watu kama dini, bila muhuri hukupeleka barua, ulitembea tu.

Alipoenda akaambiwa faili iko kwa kuchapishwa. Alipoenda tena faili iko chemba, ofisini kwa hakimu. Siku nyingine mtu kwenye korido akamwambia mama toa kitu kidogo nikutafutie. Huyo mtu hata sijui kama ni mfanyakazi wa mahakama ama ni mzurura tu, na ukweli ni kwamba mama pia hajui, na hiyo ndiyo shida, mahali pasipo na bei iliyoandikwa na siku iliyoandikwa kila mtu anaweza kujifanya karani.

Na saa hiyo yote siku zinahesabika. Apili ni siku 14. Kifungu cha 349 cha sheria ya kesi za jinai kinasema siku 14 tangu hukumu, na kinaendelea kusema mahakama lazima ipokee apili iliyochelewa ikiridhika kwamba kilichochelewesha ni mtu kukosa nakala ya hukumu ama ya rekodi kwa muda wa maana baada ya kuiomba. Hebu someni tena hapo. Sheria yenyewe imeacha mlango wa nyuma manake ilijua karatasi zitachelewa. Nashukuru mlango upo, umewaokoa wengi, lakini mtu anayengojea huko ndani gereza la Shimo la Tewa hangoji kama vile mimi nangojea pasipoti. Na Katiba ibara ya 50(5) imempa mshtakiwa haki ya rekodi ya kesi ndani ya muda wa maana kwa ada ya maana, na kifungu cha 170 cha sheria ya kesi za jinai kinasema akiomba hukumu apewe bila kucheleweshwa, hata itafsiriwe kwa lugha yake ikiwezekana. Mimi miaka yote niliyokaa na hii saiba sijawahi kuona hukumu ya mtu imetafsiriwa.

Nina wazo hapa na wakili wenu atanipinga kama anataka. Sheria ya Kupata Habari kifungu cha 9 imewapa ofisi zote za umma siku 21 kujibu ombi, mnaweza kuongeza mara moja tu, zisizidi 14, lakini habari ikiwa inagusa uhai ama uhuru wa mtu, ni saa 48. Sasa mtu aliyefungwa anaomba hukumu yake ili akate apili, kama huo si uhuru wa mtu basi uhuru ni nini? Kwa macho yangu barua ya yule mama ilistahili saa 48. Na mkinyamaza zile siku zikapita sheria inahesabu mmekataa, halafu mtu ana siku 30 za kwenda kwa Ombudsman, ile tume ya kupokea malalamiko kuhusu ofisi za umma. Haya sikuyasoma ubaoni mahakamani, nilijisomea usiku baada ya kufunga duka. Kwa nini hayajabandikwa ukutani pale dirishani, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa? Ombi halilipiwi. Mnachoweza kutoza ni gharama halisi ya nakala. Asiyejua kuandika aseme kwa mdomo na afisa amwandikie ampe nakala. Yote hayo yako kwenye sheria na hakuna hata moja mteja wangu aliwahi kuambiwa dirishani.

Kuna rejista nyingine nataka kuiulizia. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006, kifungu cha 39, inasema mtu akitangazwa na korti kuwa mkosaji hatari wa ngono, jina liingizwe kwenye rejista ya Msajili wa Mahakama Kuu, na mtu yeyote mwenye sababu ya maana aweza kuikagua. Sawa. Ile kamati ya madrasa niliyoitaja, wazazi wa watoto themanini na kitu, hiyo si sababu ya maana? Waende mlango gani, waulize nani, walete barua ya aina gani? Waliniuliza mimi, mtu wa saiba, na nikawaambia waandike kwa Msajili na wamwombe ustadh mwenyewe gudi kondakti, na waulize msikiti alikotoka. Hilo la tatu ndilo lililowasaidia.

Sasa afande wa DCI, zamu yako. Kijana mmoja alishtakiwa, kesi ikaenda, mashahidi hawakuja, akaachiliwa. Amepata kazi ya ulinzi Qatar, wakala anataka gudi kondakti safi. Swali langu ni moja, mtu akiachiliwa na korti, ni kazi ya nani kupeleka yale matokeo yaingie kwenye rekodi yenu? Korti? Prosikyuta? Ofisa aliyeshika kesi? Ama ni yule kijana mwenyewe akatafute oda iliyothibitishwa kwenye rejista ileile isiyoonekana, aje nayo mpaka kwenu? Kama ni yeye basi andikeni hivo kwenye tovuti wazi wazi, hatua kwa hatua, na kama si yeye basi mwenye kazi aifanye kabla kijana hajapoteza viza. Ibara ya 35(2) inampa kila mtu haki ya kurekebishiwa ama kufutiwa habari ya uongo ama ya kupotosha inayomhusu, na rekodi inayosema umeshtakiwa bila kusema umeachiliwa inapotosha, hata kama kila neno lililomo ni kweli.

Na hapa naomba msinielewe vibaya. Sitaki mfungue kila kitu kama mlango wa matatu. Binamu yangu aliyeko Marekani ananambia kule kesi za korti za kitaifa uko nazo kwenye simu, mfumo unaitwa PACER, senti 10 kwa ukurasa na hati moja haizidi dola 3, nikasikia wivu kweli. Halafu akanambia kuna tovuti za watu binafsi zinachukua picha za watu walipokamatwa tu, hata kabla ya kesi, na kuzianika mtandaoni, mtu ameachiliwa zamani lakini jina lake ukiligoogle sura ya seli ndio ya kwanza. Hiyo hatuitaki. Hapa kwetu majina yanafanana, mtaa mmoja una kina Juma Hamisi wanne, na mtu akiona jina kwenye orodha hatauliza ni yupi, atasambaza kwenye grupu la WhatsApp la mtaa na kufikia magharibi mtu asiyehusika ashapigwa mawe.

Ndio maana naomba vitu kwa mpango wake. Kesi kubwa za mahakama za hakimu ziwe na orodha ya kusaka mtandaoni kwa jina, mwaka na mahakama, na kila mstari uwe na shtaka na vile kesi iliisha. Vile iliisha ndio kitu kikubwa kabisa hapo. Sisi tuliozoea tunajua mtu aliyetoka kwa kifungu cha 215 cha sheria ya kesi za jinai ameachiliwa baada ya kesi kusikizwa yote, wa 210 hakuwa na kesi ya kujibu, wa 202 mlalamishi hakutokea, na wa 87(a) mashtaka yameondolewa lakini wanaweza kumrudia. Mwananchi hajui hizo namba, muandikieni kwa maneno: ameachiliwa, amepatikana na hatia, amekata apili, apili imefaulu. Orodha isiyosema mwisho wa kesi ni bora isiwepo. Namba za kitambulisho zisiwekwe, watoto wasitajwe kabisa, na kesi za ngono jina la aliyedhulumiwa lifichwe kama vile Kenya Law wanavyotumia herufi za mwanzo, hata la mshtakiwa lifichwe kama ni baba ama mjomba manake ukimjua yeye umemjua mtoto. Anayetaka zaidi ya hapo aandike barua, alipe, aje asome faili mbele ya karani.

Machi 2024 mlitangaza e-filing, kupeleka hati za kesi kwa mtandao, imefika mahakama zote nchini, na kwa mawakili najua imewapunguzia safari. Kwa mteja wangu, ukiwa na namba mambo yanaenda, huna namba umekwama palepale pa zamani. Hizo data tayari mnazo humo ndani. Sitaki mjenge jumba jipya.

Na siku ya hukumu, tafadhali, kabla mahabusu hajashuka ngazi za seli, karani ampe mtu wake kikaratasi chenye mistari minne: namba ya kesi, jina la mahakama, tarehe, na mwisho wa siku 14. Kikaratasi tu. Hakihitaji bajeti wala bunge, na yule mama asingekuwa na haja ya picha ya ukutani.

Wenzetu Tanzania walibadilisha sheria 2021 Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Sisi hatujafika huko na sidhani tutafika kesho, lakini tangazo la dirishani kwa Kiswahili, lenye bei ya kusoma faili, bei ya nakala kwa ukurasa, siku za kungoja na jina la afisa wa kulalamikiwa, hilo linawezekana Jumatatu.

Kijana wa yule mama, kwa mlioanza kujiuliza, hukumu ilipatikana, na apili yake iliingia kwa kuchelewa kupitia kile kifungu cha 349. Bado inangoja kusikizwa.

Hii barua nimeiprint nakala mbili na naivusha feri mwenyewe kwa mkono. Ichukueni pia kama ombi rasmi chini ya kifungu cha 8 cha Sheria ya Kupata Habari: naomba bei zote mnazotoza kwa kusoma faili ya jinai na kwa nakala katika mahakama za hakimu, utaratibu wa kukagua ile rejista ya kifungu cha 39, na kwa DCI, utaratibu ulioandikwa wa kusahihisha rekodi ya mtu aliyeachiliwa. Siku 21 zinaanza muhuri ukigongwa. Zikipita bila jibu, fomu ya Ombudsman nishaijaza, imebaki tarehe tu.

Wenu,
Mwenye saiba, Likoni